Gia ya Otomatiki Ikigoma, Lipia Uchunguzi Kabla ya Kulipia Giaboksi

Umeuza ndengu Kitui au maembe Makueni, ukaongeza mkopo wa chama, ukanunua Vitz, Note au Fit iliyotumika. Miezi michache baadaye gari linaanza kusitasita ukitia D. Fundi wa kwanza analiendesha dakika mbili, anashuka na kusema: "Boss, hiyo giaboksi imeisha. Tuma pesa niitishe ingine Nairobi."

Ushauri wetu ni mfupi: usitume bado. Huenda fundi yuko sahihi. Lakini giaboksi ni kati ya vipuri ghali zaidi kwenye gari, na shida nyingi zinazofanana na giaboksi iliyokufa ni ndogo kuliko hiyo.

Kwa nini gia husumbuka huku kwetu

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Lakini likishaingia huzunguka kwa miaka mingi, na likifika kwa mwenye tatu au wa nne kule Mutomo, huenda oili ya gia haijawahi kubadilishwa.

Adui mkubwa wa gia ya otomatiki ni joto. Kupanda Mbooni au Nunguni ukiwa na mzigo hupasha oili moto. Kukwama kwenye mchanga wa mto kama Tiva na kuendelea kukanyaga mafuta huku magurudumu yakizunguka bure ni kubaya zaidi. Ukikwama, zima haraka ya mguu: shusha mzigo, ondoa mchanga mbele ya magurudumu, weka matawi au mawe, kisha omba watu wasukume.

Dalili zinazodanganya

*Gia haitoki kwenye P.* Mwambie mtu asimame nyuma, wewe ukanyage breki. Taa za breki zisipowaka, anza na fyuzi na swichi ya pedali ya breki. Hicho ni kipuri kidogo kabisa.

*Unatia D, gari linakawia kuondoka, au injini inanguruma bila gari kuvuta.* Anza na oili ya gia. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imechoka. Gari la CVT lina oili yake maalum. Mtu akiweka oili ya kawaida ya otomatiki, gia itasumbua hata kama ilikuwa nzima. Soma kitabu cha gari au maandishi ya dipstiki kabla ya kununua.

*Gari limeganda kwenye gia moja na taa inapepesa kwenye dashibodi.* Mara nyingi kompyuta ya gari inajilinda. Chanzo chaweza kuwa sensa, waya uliokatika au solenoidi.

*Gari linatetemeka au linashtuka.* Plagi, koili na maunti za injini zilizochakaa hutoa dalili hiyo pia.

Lakini gari likikataa D na R huku oili ikiwa imejaa sawasawa, au ukipata chembe za chuma kwenye oili, hilo ni jambo zito. Acha kuendesha. Na kama limekufia kati ya Mtito Andei na Emali, usilivute kwa kamba magurudumu yanayoendesha yakiwa chini: injini ikiwa imezima, pampu ya gia haisukumi oili, na unaweza kumaliza kile kilichokuwa kimebaki. Lipandishwe juu ya lori, au, kama linaendeshwa na magurudumu ya mbele pekee, hayo ya mbele yainuliwe.

Lipa kwa hatua nne

1. *Uchunguzi.* Kubalianeni bei ya kupima kwa kompyuta, lipa hiyo tu, na upige picha ya kodi zinazotokea. P0700, kwa mfano, inasema tu kwamba kompyuta ya gia imeona kosa. Lazima kodi nyingine zisomwe ili kujua kosa lenyewe. Asikuuzie mtu giaboksi kwa P0700 peke yake.

2. *Makadirio.* Omba fundi akuandikie kwa meseji: kipuri gani, bei gani, kazi pesa ngapi. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inagusa ukarabati wa magari, yakiwemo makadirio na kazi ambayo mteja hakuidhinisha. Kwa hiyo kuomba maandishi si kumkosea fundi heshima.

3. *Kipuri.* Giaboksi iliyotumika lazima ilingane na gari lako. Kwenye Toyota, kibati cha gari kina kodi ya gia karibu na maneno TRANS/AXLE. Omba picha ya namba iliyo kwenye giaboksi yenyewe. Ukiwa na ndugu Nairobi, aende dukani Kirinyaga Road au Grogan aione kabla hujalipa. Lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Muda wa kurudisha kipuri kibovu uandikwe pia.

4. *Kazi.* Bakisha sehemu ya malipo mpaka ujaribu gari likiwa limepata moto: mlimani, kwenye foleni, na kwa rivasi. Omba pia kipuri kilichotolewa.

Pesa ikishaondoka

Hapa ndipo wengi huelewa vibaya. Kurudisha muamala ni kwa aliyekosea namba, na lazima uombe mara moja, kabla aliyepokea hajatoa. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia, halafu akakupa giaboksi mbovu, huo ni mgogoro wa biashara. Hatuwezi tu kuchota pesa kwenye akaunti yake. Kitakachokusaidia ni ushahidi: meseji ya malipo yenye namba ya muamala, mazungumzo yenu na picha. Usifute kitu.

Jihadhari pia na simu ya pili: "Mzigo umekwama Emali, ongeza kidogo ya usafiri." Usiongeze kabla ya kupiga namba ya duka uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Na hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba yako ya siri, hata akisema anakusaidia kurudishiwa pesa.

Kama gia inasumbua leo, fanya mambo mawili kabla ya kulala: angalia taa za breki, na umwombe fundi akuonyeshe oili ya gia. Pesa ya giaboksi ikae kwenye simu yako kwanza. Kesho itakuwa bado yako.