Unyayo wa Mtoto na Wajibu Wetu

Mtoto anayezaliwa akiwa na uzito wa chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa ana uzito pungufu. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto upesi, huchoka kunyonya, na maradhi humpata kwa urahisi. Kuokoka kwake hutegemea kutambuliwa mapema. Je, atatambuliwaje mahali pasipo na mizani?

Tuitazame Wilaya ya Rungwe. Mji wa Tukuyu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nchi ya mvua nyingi, na baridi ya Juni na Julai huko haina mzaha. Nyumba zimetapakaa migombani, mabondeni na miinukoni, na njia huteleza. Mama anapojifungulia nyumbani usiku, mizani iko zahanati, na baridi iko chumbani.

Wasomaji wetu wa visiwani wasidhani kwamba haya ni ya watu wa milimani peke yao. Mzazi wa Kojani au Tumbatu hutengwa na hospitali kwa maji, kama mwenzake wa Rungwe anavyotengwa kwa utelezi. Upepo wa bahari nao humpoza mtoto ndani ya mashua. Shida ni moja, na dawa yake yaweza kuwa moja.

Dawa hiyo huanza na unyayo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania, ambamo wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walishiriki, na watoto 529 waliozaliwa hospitalini walipimwa. Unyayo uliopungua sentimita 8, kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, uliwafichua watoto 87 katika kila 100 waliokuwa na uzito pungufu au waliozaliwa kabla ya siku zao. Kazi hiyo yahitaji rula tu, au kadi ngumu yenye alama, na mtu aliyefunzwa kuitumia.

Hata hivyo, tusikipe kipimo hiki sifa kisichostahili. Katika kila watoto 100 wasio na upungufu huo, wapatao 40 nao walionekana kuwa wadogo. Kwa hiyo kadi haichukui nafasi ya mizani. Kazi yake ni kumwamsha mhudumu, ili mtoto apelekwe kupimwa uzito, na wakati huohuo aanze kupewa joto.

Joto hilo halinunuliwi. Mtoto huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa vizuri pamoja na kichwa chake, akanyonyeshwa mara kwa mara, wala asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Mtindo huu wa kangaruu ulianzishwa hospitalini mjini Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu ya uhaba wa vyombo vya kuwapa watoto joto. Hata mtoto aliyedhaniwa mdogo kwa makosa hapati hasara kwa kubebwa hivyo. Ikiwa unyayo haufiki hata sentimita 7, basi safari ya hospitali isingoje kuche, na asafiri akiwa kifuani humohumo.

Hapa ndipo wajibu wa viongozi unapoanza. Kumwambia mzazi kwamba mwanawe ni mdogo mno, kisha asipate gari wala mashua, ni kumwongezea majonzi. Kwa maoni yetu, kila mhudumu wa afya wa kijiji na shehia apewe kadi na mafunzo. Kila zahanati iwe na mizani iliyo sahihi. Na kila halmashauri na wilaya ipange mapema nani atamsafirisha mtoto usiku, na kwa chombo gani.

Wananchi nao wawapeleke wajawazito kliniki, na wasione haya kuomba mtoto apimwe. Rula haigharimu fedha nyingi. Uzembe ndio ghali, na anayeulipia ni yule asiyeweza kujisemea.