Ukoo wa Monticello ambao Marekani ilikataa kuuhesabu

Machi 1873, gazeti dogo la jimbo la Ohio, Pike County Republican, lilichapisha simulizi ya maisha ya seremala mwenye umri wa miaka 68 aliyeitwa Madison Hemings. Alieleza kwamba alizaliwa mtumwa katika shamba la Monticello, Virginia, kwamba mama yake alikuwa Sally Hemings, na kwamba baba yake alikuwa Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Azimio la Uhuru na Rais wa tatu wa Marekani. Akataja bibi yake, babu yake na ndugu zake, kila mmoja kwa jina. Wanahistoria wengi waliomsoma baadaye walimpuuza. Ikapita miaka 125 ndipo sayansi ikamuunga mkono.

Simulizi hiyo inatufikisha kwenye kiini cha jamhuri ile changa. Waasisi wake waliukataa ufalme wakisema mtu hazaliwi mtawala. Hata hivyo, madaraka, ardhi na watumwa viliendelea kupita mikononi mwa koo chache zilizooana na kurithiana. Na sheria iliamua nani ahesabiwe kuwa ndugu na nani ahesabiwe kuwa mali, hata kama baba yao ni mmoja.

Damu iliyotawala

Kati ya marais watano wa kwanza, wanne walitoka Virginia: George Washington, Jefferson, James Madison na James Monroe. Kuanzia 1789 hadi 1825, ni miaka minne tu ambayo kiti hicho kilikaliwa na mtu wa nje ya jimbo hilo, naye alikuwa John Adams wa Massachusetts. Mwaka 1825 mwanawe, John Quincy Adams, akaapishwa kuwa Rais wa sita.

Virginia yenyewe ilikuwa na ukoo wa Randolph. Mama yake Jefferson, Jane, alikuwa Randolph. Edmund Randolph, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Marekani, alikuwa jamaa ya Jefferson, na ndiye aliyempokea uwaziri wa mambo ya nje mwaka 1794. John Marshall, Jaji Mkuu kuanzia 1801 hadi 1835, naye alikuwa na damu ya Randolph kwa upande wa mama. Yeye na Jefferson hawakupatana hata kidogo, na sehemu kubwa ya mvutano kati ya ikulu na Mahakama ya Juu enzi hizo ilikuwa ugomvi wa watu wa ukoo mmoja. Binti mkubwa wa Jefferson, Martha, aliolewa na Thomas Mann Randolph, aliyekuja kuwa gavana wa Virginia. Mdogo wake, Maria, aliolewa na John Wayles Eppes, aliyeingia Bungeni.

Mama mdogo aliyekuwa mtumwa

Januari 1, 1772, Jefferson alimwoa Martha Wayles Skelton, mjane kijana. Mwaka uliofuata baba mkwe wake, John Wayles, alifariki, na Martha akarithi takriban ekari 11,000, watumwa 135 na madeni mazito. Miongoni mwa watu hao 135 alikuwemo Elizabeth Hemings pamoja na watoto wake. Sita kati ya watoto hao baba yao alikuwa John Wayles mwenyewe. Kwa hiyo Martha alirithi wadogo zake wa baba mmoja. Kitinda mimba wa Wayles, aliyezaliwa mwaka 1773, ndiye Sally.

Sheria ya Virginia ya mwaka 1662 ndiyo iliyowezesha jambo hilo. Ilisema hali ya mtoto hufuata hali ya mama: mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, awe baba yake ni nani. Kwa sheria hiyo, mwenye shamba aliyezaa na mjakazi hakupata jukumu la mlezi. Alipata nyongeza ya mali.

Martha alifariki Septemba 1782. Miaka miwili baadaye Jefferson alikwenda Ufaransa, ambako alikuwa balozi hadi 1789. Alimchukua James Hemings, kaka yake Sally, ajifunze upishi wa Kifaransa. Mwaka 1787 binti yake Maria, mwenye umri wa miaka 8, akaletwa Paris kwa agizo lake. Msichana aliyemsindikiza kuvuka Atlantiki alikuwa Sally, mwenye umri wa miaka 14. Kwenye hesabu za shamba alikuwa mtumishi. Kwa damu alikuwa mama mdogo wa mtoto yule, na shemeji wa bwana aliyewangoja.

Ufaransani, mtumwa angeweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Madison alisimulia kwamba mama yake aligoma kurudi Virginia, na akakubali tu baada ya Jefferson kumwahidi kwamba watoto watakaozaliwa wataachwa huru wakifikisha miaka 21. Msichana yule hakuwa na wakili wala mzazi karibu, na aliyekuwa akijadiliana naye ndiye aliyemmiliki. Hata hivyo alipigania uhuru wa watoto ambao hawajazaliwa, na akaupata. Hiyo ni siasa ya hali ya juu, ingawa haikuandikwa katika katiba yoyote.

Watoto wake wanne walifikia utu uzima: Beverly, Harriet, Madison na Eston. Mwaka 1802, Jefferson akiwa Rais, mwandishi James Callender alilichapa jambo hilo katika gazeti la Richmond. Jefferson hakulijibu hadharani.

Wosia na mnada

Ahadi ya Paris ilitimizwa kimyakimya. Mwaka 1822 Beverly na Harriet waliondoka Monticello. Katika daftari la shamba Jefferson aliwaandika kuwa wametoroka. Lakini nyapara wake, Edmund Bacon, alikuja kusimulia kwamba yeye mwenyewe, kwa agizo la Jefferson, alimpa Harriet dola 50 na kumlipia nauli.

Jefferson alifariki Julai 4, 1826, siku moja na John Adams, miaka 50 kamili baada ya Azimio la Uhuru. Wosia wake uliwaacha huru watu watano tu, wakiwemo Madison na Eston. Sally hakutajwa. Binti yake Jefferson alimwacha aondoke bila hati, akaishi Charlottesville na wanawe hadi alipofariki mwaka 1835.

Wengine waliachwa wauzwe kufidia deni. Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600 katika maisha yake, na alikufa akidaiwa zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 watu 130 waliwekwa mnadani Monticello. Joseph Fossett, mfua chuma na mjukuu wa Elizabeth Hemings, alikuwa mmoja wa wale watano wa wosia. Mke wake Edith, aliyepikia ikulu ya Washington, aliuzwa pamoja na watoto wao. Mwana wao Peter alikuwa na umri wa miaka 11.

Wapo wanaosema tusiwapime watu wale kwa mizani ya leo. Basi tuwapime kwa mizani ya wenzao. Washington, jirani wa jimbo moja, aliagiza katika wosia wake wa 1799 kwamba watumwa wake 123 waachwe huru. Adams hakumiliki mtumwa hata mmoja. Njia nyingine ilikuwepo, na Jefferson aliiona.

Neno la familia

Kwa vizazi kadhaa wazao halali wa Jefferson walidai kwamba baba wa watoto wa Sally alikuwa mmoja wa wapwa wa Jefferson. Mwaka 1997 mwanasheria Annette Gordon-Reed alichapisha kitabu kilichoonyesha jinsi wanahistoria walivyoyaamini maneno ya wenye shamba na kuyatupa ya waliomilikiwa, bila kuyapima kwa kipimo kimoja. Mwaka 1998 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mzao wa Eston ana damu ya kiume ya akina Jefferson, na haina uhusiano na wapwa waliosingiziwa. Kumbukumbu za safari nazo zinaonyesha Jefferson alikuwa Monticello kila mara Sally aliposhika mimba. Wakfu unaoitunza Monticello ulikubali matokeo hayo mwaka 2000.

Vizazi vyao vililitumikia taifa hilo kwa damu. Mwana wa Eston, John Wayles Jefferson, aliyehesabiwa kuwa Mzungu, alikuwa kanali katika jeshi la Muungano wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwana wa Madison, Thomas Eston, alifia kifungoni akiwa mateka wa vita hivyo.

Kwa hiyo anayefundisha historia ya waasisi wa Marekani ana wajibu wa kufungua Azimio la Uhuru, wosia na daftari la shamba kwa pamoja, kwa kuwa yote yametoka katika mkono mmoja. Na mtu asiye na cheo anapotaja wazazi wake kwa majina, neno lake ni ushahidi unaostahili kupimwa kama hati ya rais. Kumtaja Jefferson na kuwaacha akina Hemings ni kuandika nusu ya ukoo mmoja.