Mkeka wa Kibera na siri ya damu

Juzi nilikwenda Nairobi kumjulia hali mpwa wangu wa miaka minne, anayeishi na mamake Kawangware. Ana ugonjwa wa selimundu. Katika jamaa zetu kuna wasemao ni husda, na wengine wamlaumu mama. Sikuwa na jibu, nikaamua kulisoma jambo lenyewe.

Wekundu wa damu watokana na protini iitwayo himoglobini, yenye minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Ukihesabu chembe ya haidrojeni kuwa 1, mnyororo wa beta ulio salama una uzito wa kama 15,867. Wa selimundu ni 15,837. Tofauti ni 30 tu, kwa sababu ya kiungo kimoja kati ya 146: mahala pa sita, asidi ya glutamiki imepisha valini.

Uzito mdogo hivyo hupimwa kwa masi-spektrometa. Protini hunyunyizwa kwa nguvu za umeme, matone hukauka, hubaki ayoni, yaani chembe yenye chaji. Kwa njia hiyo John Fenn wa Marekani alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Na umbo je? Nilielewa nikipita vichochoro vya Kibera kwenda msikitini. Wapitishe watu wawili penye msongamano na mikeka ya uzito sawa, mmoja kaukunja, mwingine kaukunjua. Nani atatangulia? Ayoni nazo husukumwa na umeme ndani ya bomba lenye gesi. Iliyokunjika hugongana na gesi kidogo, hufika mapema, iliyokunjuka huchelewa. Muda wa safari ndio hupimia ukubwa na umbo.

Umbo ndilo lenye kuumiza. Himoglobini ya selimundu ikiishaachia oksijeni hung'ang'aniana na wenzake kama nyuzi, seli ikapinda kama mundu, ikaziba mishipa midogo.

Basi si husda. Na mtoto hurithi kwa baba na mama wote wawili. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kuwa mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huu umejaa kwetu Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Mashine hiyo ni ya maabara kubwa, lakini kujua hali yako kunatosha kipimo cha kawaida cha damu. Vijana wetu, pimeni kabla ya nikaha. Na mama wa mtoto, tumwache apumue.