Kufundisha Gridi ya Umeme: Safari Mbili, Si Moja

Mwalimu afundishaye Makambako au Njombe hana haja ya kulianza somo la gridi kwa picha za nchi za mbali. Njia ya umeme wa msongo wa kilovoti 220, iliyoiunganisha Songea na gridi ya taifa mwaka 2018, inaanzia Makambako, na minara yake yaonekana kwa mbali. Hata hivyo, liko kosa ambalo mwalimu mgeni kazini hulitenda kwa urahisi: hueleza safari ya umeme kutoka mtamboni hadi kwenye taa, kisha akaishia hapo. Gridi huendeshwa kwa safari mbili: ya umeme, na ya taarifa.

Kwa nini taarifa? Umeme mwingi hutumika papo hapo uzalishwapo. Hauwekwi ghalani kama mahindi. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo hupungua kasi, na mizunguko ya umeme, ambayo kwa kawaida ni 50 kwa sekunde, hushuka. Ni kama mpanda baiskeli afikapo kwenye mlima: asipoongeza nguvu, mwendo hupungua. Wasimamizi wa gridi hawana budi kuliona jambo hilo mara moja. Kwa hiyo vyombo vilivyomo katika vituo vya kupozea umeme hupeleka vipimo kwenye kompyuta za kituo cha uongozi. Katika njia nyingi kubwa, waya wa juu kabisa, unaokinga radi, hubeba ndani yake nyuzi za kioo zipitishazo taarifa kwa mwanga.

Kwa upande wa nyumbani, mfano ulio karibu ni mita ya LUKU. Mteja anunuapo umeme hupewa tarakimu 20, naye huziingiza mwenyewe. Mita huzielewa bila kuunganishwa na mtandao, kwa sababu habari imo ndani ya tarakimu zenyewe. Mwaka 2024, kabla ya tarehe 24 Novemba, wateja walitakiwa kuingiza makundi matatu ya tarakimu ili mita zao ziboreshwe. Huenda baadhi ya wanafunzi waliwasaidia wazazi wao kazi hiyo.

Lakini mita ya namna hiyo husikia tu, haisemi. Umeme ukikatika, yenyewe haipeleki habari. Mpaka mtu apige simu. Mita janja husikia na kusema: hupeleka taarifa za matumizi, na yaweza kutaarifu umeme unapokatika.

Zoezi lifuatalo litalithibitisha jambo hili. Wapange wanafunzi kumi mstarini, kila mmoja awe nyumba yenye namba. Msimamizi awape kisogo. Mguse mmoja kimya kimya: huyo amekatikiwa umeme. Mara ya kwanza, msimamizi aulize nyumba moja baada ya nyingine mpaka aipate. Mara ya pili, nyumba iliyoguswa itaje namba yake papo hapo. Darasa lihesabu sekunde za kila mara na kuzilinganisha ubaoni.

Mwalimu asiwapeleke wanafunzi karibu na minara wala vituo vya umeme. Waitazame kutoka mbali.

Mwisho, uliza hivi: “Fundi yuko Makambako, na taa zimezimika katika nyumba moja Njombe. Atajuaje?” Mwanafunzi atakayeeleza njia ipitayo habari, wala si njia ya umeme peke yake, amelielewa somo.