Upanga wa Waviking: mhunzi anapofua historia na hadithi katika chuma kimoja

Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kuna panga za kale karibu 170 zenye jina moja: Ulfberht. Jina hilo halikupakwa rangi wala kukwaruzwa juu juu. Limefuliwa ndani ya bapa la upanga kwa nyuzi za chuma: herufi nane za Kilatini pamoja na misalaba miwili. Panga hizo ni za kati ya karne ya 9 na karne ya 11, wakati Waviking, watu wa Skandinavia, walipokuwa wakisafiri na merikebu zao kuanzia Irlandi hadi mto Volga.

Siku hizi wako wahunzi wa Ulaya na Marekani wanaojaribu kufua tena upanga wa namna hiyo kwa mkono. Na kila anayeanza kazi hiyo anakutana na swali lile lile: katika upanga wa Waviking, kipi ni historia na kipi ni hadithi? Mhunzi wa leo akikosea, anapoteza majuma ya kazi. Mpiganaji wa zamani aliyedanganywa juu ya upanga wake alipoteza maisha.

Upanga wa Waviking usiofuliwa na Waviking

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni hili: panga zilizosifiwa kuliko zote wakati wa Waviking, inaonekana hazikufuliwa na Waviking. Ulfberht ni jina la Wafaranki, watu waliotawala nchi ambazo leo ni Ufaransa na Ujerumani. Watafiti wengi wanaona kwamba panga hizo zilitoka pande za mto Rhine. Misalaba miwili kwenye jina inaelekeza huko pia, kwa sababu Wafaranki walikuwa Wakristo, na Waviking wa karne ya 9 wengi wao walikuwa bado wanawaabudu Odin na Thor.

Wafaranki wenyewe walijua hatari ya biashara hiyo. Mwaka 864, mfalme Charles le Chauve alitoa amri huko Pîtres: mtu yeyote atakayewauzia watu wa Kaskazini farasi, nguo ya vita au silaha, atauawa. Lakini chuma kizuri kilipita mpakani hata hivyo. Norwe ndiyo nchi ambamo panga nyingi zaidi za Ulfberht zimepatikana, na nyingi zimetolewa makaburini. Na Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Bagdad aliyekutana na watu wa Kaskazini kwenye mto Volga mwaka 922, aliandika kwamba kila mwanaume alikuwa na shoka, upanga na kisu, na kwamba panga zao zilikuwa za aina ya Kifaranki.

Jina la Ulfberht lilitumika kwa miaka karibu 200. Haiwezekani basi kuwa ni la mhunzi mmoja. Lilikuwa kama alama ya karakana, ambayo mwanafunzi aliirithi kwa mwalimu wake.

Msalaba unaotenganisha cha kweli na cha bandia

Palipo na alama ya sifa, waigaji hawakosi. Alan Williams, mtaalamu wa vyuma vya kale kutoka Uingereza, alipima kipande kidogo kidogo cha panga hizo na kuangalia chuma chake kwa darubini. Aliona kwamba panga nyingi ambazo msalaba wa pili uko kabla ya herufi ya mwisho, yaani +VLFBERH+T, zimefuliwa kwa feleji safi, chuma chenye kaboni nyingi na takataka kidogo sana. Lakini nyingi ambazo msalaba umewekwa baada ya herufi ya mwisho, yaani +VLFBERHT+, au ambazo jina limeandikwa vibaya, ni za chuma hafifu.

Kwa macho, hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Zote ziling'aa na kunoleka. Tofauti ilionekana siku ya vita, pale upanga mmoja ulipogonga ngao ukarudi mzima, na mwingine ukavunjika mkononi mwa mwenyewe. Mpiganaji ambaye hakujua kusoma angewezaje kujua kwamba msalaba umekaa mahali pasipo pake?

Juu ya asili ya ile feleji wataalamu hawajapatana. Williams anadhani ilitoka mbali, Uajemi au Asia ya Kati, ikapanda mto Volga pamoja na biashara ya watumwa, ngozi na fedha. Wengine wanaona kwamba wahunzi wa Ulaya wenyewe wangeweza kuitengeneza. Mabishano hayo yanamgusa mhunzi wa leo moja kwa moja, kwa sababu lazima achague chuma kabla ya kuwasha moto.

Hadithi zilizojaa maarifa ya karakana

Watu wa Kaskazini walisimulia habari nyingi za panga, na habari hizo ziliandikwa hasa huko Islandi katika karne ya 13. Mojawapo ni ya Sigurd. Mungu Odin aliuchoma upanga katika shina la mti, akasema atakayeweza kuuchomoa ni wake. Baba yake Sigurd aliuchomoa, lakini baadaye ukavunjika vitani. Vipande vikatunzwa kwa ajili ya mtoto. Sigurd alipokua, mhunzi Regin alimfulia upanga mpya; Sigurd akaupiga kwenye fuawe, ukavunjika. Wa pili ukavunjika vile vile. Ndipo Sigurd akaleta vipande vya upanga wa baba yake. Upanga uliotoka humo, ulioitwa Gram, ulipasua fuawe lenyewe. Kisha wakatupa sufu mtoni, maji yakaileta kwenye makali, ikakatika.

Nyingine ni ya Velent, mhunzi ambaye hadithi yake ilisimuliwa Ulaya Kaskazini yote. Alifua upanga mzuri, lakini hakuridhika. Akausaga kwa tupa mpaka ukawa unga, akachanganya na unga wa nafaka, akawapa kuku waliokuwa na njaa. Kinyesi chao akakirudisha motoni, akafua upanga mpya uliokuwa mkali kupita wa kwanza. Akarudia tena. Wa tatu aliuita Mimung.

Msomaji atacheka. Lakini mhunzi hacheki, maana anajua kinachosemwa hapo: chuma kinasafishwa kwa kurudishwa motoni mara nyingi, vipande vya zamani vyenye sifa havitupwi, na upanga usiojaribiwa hauaminiwi. Wako hata wataalamu waliofikiri kwamba kinyesi cha ndege, ambacho kina naitrojeni, kingeweza kweli kukaza chuma.

Ushahidi mmoja uko Oslo, katika jumba la makumbusho. Ni mbao za mlango wa kanisa la Hylestad, zilizochongwa karibu mwaka 1200. Zinaonyesha habari ya Sigurd, lakini aliyechonga aliweka humo karakana nzima: fuawe, nyundo, koleo, mtu anayevuta mivukuto, na upanga uliovunjika wakati wa kujaribiwa. Mnyama wa kutisha ambaye Sigurd alimuua ni wa kubuni. Vyombo vya kazi ni vya kweli. Wahunzi wanaviangalia ili kujua wenzao wa zamani walisimama vipi mbele ya moto. Na katika bonde hilo hilo la Setesdal, mwaka 2011, huko Langeid, wachimbaji walipata kaburini upanga wa santimita 94, mpini wake ukiwa umezungushiwa uzi wa fedha na kupambwa kwa dhahabu. Hadithi na kitu chenyewe vilikuwa majirani.

Moto, nyundo na hofu

Mhunzi anayetaka kufuata njia ya kawaida ya Kaskazini huanzia kwenye matope. Katika vinamasi vya Skandinavia kuna madini ya chuma yanayojikusanya chini ya maji. Yalichomwa katika tanuri la udongo pamoja na makaa. Moto huo haukufika kiasi cha kuyeyusha chuma. Kilichotoka ni bonge lenye matundu, limejaa mavi ya chuma. Lilipigwa nyundo, likakunjwa, likapigwa tena, mpaka takataka zikatoka.

Kwa kuwa chuma hicho hakikuwa sawa kila mahali, wahunzi walitafuta ujanja. Walichukua nondo za chuma laini na za chuma kigumu, wakazisokota kama nywele zinazosukwa, wakaziunganisha kwa moto na nyundo. Kando waliweka chuma kigumu kwa ajili ya makali. Bapa likisuguliwa, michirizi inajitokeza katikati, na waimbaji wa kale waliifananisha na nyoka. Uzuri huo ulizaliwa na shida: hawakuwa na feleji ya kutosha kufua upanga wote.

Upanga wa Ulfberht ulipita njia nyingine. Mwaka 2012, televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha filamu ya kipindi cha NOVA, ambamo mhunzi Richard Furrer wa jimbo la Wisconsin alijaribu kuufua upya. Aliweka vipande vya chuma, makaa, mchanga na kioo katika chungu cha udongo, akakifunga na kukitia katika tanuri kali. Chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538, lakini kikishanywa kaboni ya makaa huyeyuka mapema kidogo. Kioo kilichoyeyuka huelea juu na kubeba takataka. Chungu kikipoa na kuvunjwa, ndani kunabaki kitonge kidogo cha feleji. Humo ndimo upanga wa karibu mita moja unapaswa kutoka.

Feleji ya namna hiyo haina msamaha. Chuma cha kawaida kinapigwa kikiwa na moto wa manjano. Feleji ikipata moto huo inasambaratika chini ya nyundo kama mkate mkavu. Lazima ipigwe ikiwa nyekundu tu, na kwa moto huo inavutika polepole sana. Katikati ya bapa unachimbwa mfereji mpana ili kupunguza uzito. Kisha mhunzi anakata njia za herufi kwa tindo, anaweka nyuzi za chuma na kuzipiga mpaka zishikamane na mwili wa upanga.

Kinachobaki ndicho kinachoogopwa: kuutia maji. Bapa linapashwa moto hadi digrii karibu 800, kisha linatumbukizwa katika maji au mafuta. Kwa sekunde chache chuma kinabadilika kabisa na kuwa kigumu. Sekunde hizo hizo linaweza kujipinda au kupasuka. Wahunzi wote wanaijua ile sauti ndogo, kama kijiko kinachogonga kikombe. Ukiisikia, kazi yote imekwisha, hakuna gundi wala dawa. Usipoisikia, unaurudisha upanga kwenye moto mdogo ili upunguze ugumu wake, maana chuma kigumu mno hukatika kama kioo.

Vitu ambavyo mhunzi mwaminifu anavikataa

Wanunuzi wengi wanakuja na picha za sinema. Wanataka upanga mkubwa na mzito. Lakini upanga wa kweli wa wakati huo ulikuwa na kilo 1 hadi 1.5, na ulishikwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulibeba ngao. Wengine wanataka mapambo ya kofia zenye pembe. Hakuna kofia ya Waviking yenye pembe iliyowahi kupatikana. Picha hiyo ilienezwa na michezo ya kuigizwa ya karne ya 19.

Jambo la herufi za kale, zinazoitwa runi, ni zito zaidi. Katika karne ya 20 Wanazi wa Ujerumani walizichukua wakazifanya alama za chuki, na hata leo kuna makundi ya wabaguzi yanayozitumia ili kudai kwamba Waviking walikuwa watu wa damu safi waliojitenga na wengine. Upanga wenyewe unawakanusha. Jina lake ni la Kifaranki, maandishi yake ni ya Kilatini, misalaba yake ni ya Kikristo, na huenda feleji yake ilitoka katika nchi za Waislamu. Kitu walichokithamini kuliko vyote kilipita mikononi mwa mataifa mengi kabla ya kuwafikia.

Kwa hiyo mhunzi anayejua kazi yake haitupi hadithi, ila anaiweka mahali pake. Chuma, uzito na umbo anavichukua kwenye makaburi na kwenye vipimo vya maabara. Jina la upanga anaweza kulichukua kwenye hadithi, kama lile la upanga wa mfalme Haakon wa Norwe, ulioitwa Kvernbítr, mng'ata jiwe la kusagia. Kisha anaujaribu kama Sigurd: anaupinda mbele ya macho ya mnunuzi na kuuachilia. Ukirudi wima, unauzwa. Ukibaki umepinda, hakuna hadithi itakayounyoosha.