Macho Chini Sio Uongo

Nilikuwa na miaka minane. Kitabu cha darasa kilikutwa kimechanwa, mwalimu akaniita mbele. "Ni wewe?" Nikasema hapana, macho yangu kwenye viatu. Akasema kwa Kiingereza: niangalie ninapoongea na wewe! Kila alivyorudia, ndivyo kichwa changu kilivyozidi kuinama. Siku ile nilikosa mapumziko kwa kitabu ambacho hata sikukigusa.

Sasa njoo nyumbani, hatua chache tu kutoka Kilburn High Road. Mama yangu ni mtu wa Tanga. Akikugombeza, unatazama chini. Ukithubutu kumwangalia usoni, umekwisha: "Unanitolea macho mimi? Una macho makavu wewe!" Mwenye macho makavu ni mtu asiye na haya. Na yeye alilelewa hivyo hivyo: mwalimu akiingia darasani mnasimama, "Shikamoo mwalimu!", na ukikaripiwa unainama.

Lakini msidhani kwetu macho hayaongei. Tukienda ugenini, nikipewa biskuti, nilimwangalia mama kwanza. Jicho moja tu la pembeni, nilishajua: chukua, acha, au tutaonana nyumbani!

Kilburn High Road yenyewe iko mpakani: upande mmoja Brent, upande wa pili Camden. Mi nilikuwa navuka mpaka mwingine kila asubuhi, na hakuna aliyeniambia kwamba upo.

Simlaumu sana yule mwalimu. Huku, kumtazama mtu ndiyo kumwonyesha kwamba unamsikiliza. Shule kadhaa za Uingereza zimeifanya kabisa kuwa kanuni: mfuate kwa macho anayeongea. Kanuni hiyo imeenezwa sana na Mmarekani Doug Lemov, kwenye kitabu chake cha 2010, *Teach Like a Champion*. Na kweli, mwalimu mwenye watoto thelathini lazima ajue nani yuko naye na nani kashapotea.

Ila kuna hili. Gwyneth Doherty-Sneddon na wenzake, watafiti wa Uskoti, walichapisha utafiti mwaka 2006 kuhusu watoto wa miaka mitano. Walipohimizwa kuangalia pembeni wakati wa kufikiri, walijibu maswali vizuri zaidi. Uso wa mtu una mambo mengi ya kusoma, na akili inayousoma inabaki na nafasi ndogo ya kufikiria swali. Kwa hiyo mtoto anayekwepa macho huenda anaonyesha heshima, huenda anafikiri, huenda anaogopa. Ndiyo, huenda pia anadanganya. Macho peke yake hayatoshi kumhukumu.

Siku hizi Jumamosi nasaidia watoto kufanya homuweki. Juzi nikamuuliza kijana mmoja, "Hii umefanya mwenyewe?" Kimya. Macho chini. Mwenzenu, yale maneno yalishafika ulimini: *niangalie!* Nikayameza. Nikavuta kiti, nikakaa ubavuni kwake, wote wawili tukawa tunatazama daftari. Baada ya muda kidole chake kikatembea: hii yangu, hii yangu, hii yangu, hii dada kanisaidia.

Aliniambia ukweli wote, na hakuniangalia hata mara moja.

Na wewe je, nyumbani kwenu jicho la mama lilisemaje? Tutumie sauti yako, tuiweke kwenye kipindi kijacho.