Kufumua na Kusahihisha Mshono

Vitanzi vya uzi vinavyojaa upande wa chini wa kitambaa huonekana kama kosa la bobini, na fundi anayeanza hukimbilia kuikaza. Chanzo kiko juu. Ama uzi haukuingia kati ya visahani vinavyoubana, ama skrubu ya visahani hivyo imelegea. Dawa ni kuinua mguu wa cherehani, kuutoa uzi wote na kuutunga upya, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani hufumba na uzi hupita bila kushikwa. Skrubu huguswa baadaye, tena kidogo kidogo, kwa kujaribu kwenye kitambaa chakavu.

Hedaru, iliyo kwenye tambarare kavu chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu ya kwenda Same, vumbi ni adui wa kila cherehani ya barazani. Huchanganyika na mafuta na manyoya ya pamba, likagandamana kati ya meno yanayosukuma kitambaa. Hapo mishono hutoka mingine mirefu, mingine mifupi, na fundi akilazimisha kwa kuvuta kitambaa, sindano hupinda. Bati la sindano lifunguliwe, uchafu utolewe kwa brashi, kisha yatiwe matone machache ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa: hukauka yakawa kama gundi.

Mshono unaoruka karibu kila mara unadai sindano mpya. Namba 14 hufaa kitenge, 16 hufaa jinzi. Sindano inayotiliwa shaka hulazwa juu ya kioo. Iliyopinda haigusi kioo sawasawa.

Kufumua kwenyewe kuna ustadi wake. Wembe ukipitishwa kwa haraka katikati ya mshono hukata kitambaa, na tundu hilo halifichiki. Njia salama ni kukata uzi wa upande mmoja kila baada ya mishono minne au mitano, kisha kuuvuta uzi wa upande wa pili, ambao hutoka mzima. Alama za sindano kwenye pamba husuguliwa taratibu kwa ukucha, kikawekwa kitambaa chenye unyevu na kupigwa pasi. Doa la mafuta lifuliwe kwanza kwa sabuni, maana joto la pasi huliganda.

Gauni lililobana kwapani baada ya kukatwa lina tiba ya zamani, nayo ni nzuri kuliko kulazimisha mshono ukingoni: kikwapa, kile kipande kidogo kinachotiwa chini ya mkono wa kanzu. Mkono hupata nafasi ya kuinuka bila kiraka kuonekana. Ila kitenge kilichobana kwa sababu kilishonwa kabla ya kuloweshwa na kurudi kitaendelea kusumbua, hivyo pamba mpya ifuliwe kabla ya kukatwa.

Mabaki ya vitenge yakiunganishwa kuwa shuka la viraka, kosa dogo hujikusanya. Mstari wa vipande 10 una mishono 9. Kila mshono ukiingia ndani milimita 2 zaidi, hula milimita 2 kwa kila kipande, yaani 4. Mwisho wa mstari zimepotea milimita 36, na mstari wa pili hauoani nao. Pasi haiwezi kulinyoosha shuka hilo. Hufumuliwa.